Kunywa Maji, Lakini ya Wapi?

Mwezi wa Julai hapa Arusha hakuna anayekumbuka maji. Ukungu unashuka kutoka Meru alfajiri, unalala juu ya Ilboru na Sanawari mpaka saa nne, na madereva wa bodaboda wanajikunyata kwenye makoti na kofia za sufu. Kila kona kuna birika la kahawa au sufuria ya chai ya tangawizi. Mtu anaamka, anakwenda kazini, anakula mchana, anarudi nyumbani, na siku nzima hajagusa maji wala haoni kwamba amekosa kitu.

Mwili hauna habari na baridi hiyo. Zaidi ya nusu ya uzito wetu ni maji, na yanatoka usiku na mchana: kwa pumzi, kwa ngozi, kwa haja ndogo na kubwa. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kiangazi kikikolea hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Figo zinaendelea kuchuja damu ile ile mara nyingi kwa siku, na zikikosa maji ya kutosha zinabana, mkojo unakuwa mzito na wa rangi ya kukoza. Kichwa kinachouma saa tisa alasiri, ambacho wengi wetu tunakisingizia presha au mawazo, mara nyingine ni kiu isiyojitambulisha. Choo kigumu nacho kina ndugu yake humo humo. Wazee ndio wa kuangaliwa zaidi, maana umri ukienda hata hisia ya kiu hupungua. Bibi anaweza kukaa kutwa kwenye kiti chake akasema hana shida ya kunywa, na ni kweli haisikii.

Kuna na hili la UTI, ugonjwa ambao siku hizi ukienda kupima tumbo, jino au goti unarudi nao. Kwa wanawake wanaousumbukia kweli, mara kwa mara, upo utafiti uliochapishwa mwaka 2018: waliongezewa lita moja na nusu ya maji kwa siku, na maambukizi yakapungua karibu nusu. Dawa ya bei hiyo si ya kudharau. Mawe ya figo nayo hayapendi mtu anayekunywa vizuri.

Hizo glasi nane tunazohubiriwa zisimtie mtu hofu. Mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani ilitaja lita mbili na nusu kwa siku, ikaongeza papo hapo kwamba sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari ndani ya chakula. Watu wakakariri nusu ya kwanza. Anayekula mtori, loshoro, ndizi na parachichi amekwisha kunywa kiasi bila kushika glasi, na chai yake inahesabiwa pia. Rangi ya mkojo inatosha kumwambia mtu mzima mwenye afya yuko wapi. Ikiwa ya kupauka, hana deni.

Ushauri huo unafaa Tanga, unafaa Mwanza. Ukija kuutoa chini ya Mlima Meru, lazima msikilizaji akuulize jambo moja kwanza: maji ya wapi?

Meru ni mlima wa moto, mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana floraidi nyingi, na maji yanayopita humo polepole, yenye magadi magadi, yanaibeba. Kidogo tu ya floraidi inaimarisha meno, ndiyo maana imo katika dawa ya mswaki. Ikizidi inageuka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja. Kuzunguka Meru, hasa pande za mashariki na kaskazini, viko visima na chemchemi vinavyopita miligramu 10, na maziwa ya Momella, yale ya flamingo wanaopigwa picha na watalii, yana mamia. Cha ajabu ni kwamba chemchemi mbili zilizo jirani zinaweza kutofautiana kabisa, moja salama na nyingine sumu ya polepole, na zote mbili zikawa angavu, baridi na tamu. Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kukushtua.

Sasa fanya hesabu. Mtu anayekunywa lita tatu kwa siku za maji yenye miligramu 4 kwa lita ameingiza miligramu 12. Shirika hilo hilo la Afya linasema hatari kwa mifupa huanza kuonekana panapopita miligramu kama 6 kwa siku kwa miaka mingi, na ikifika 14 haina ubishi tena. Maana yake, mkulima wa Arumeru anayetii mahubiri ya redioni na kuongeza maji maradufu ameongeza na floraidi maradufu. Yule jirani yake mvivu wa kunywa anaweza kuwa na nafuu ya mifupa. Hapa ndipo ninapokosana na mahubiri ya afya yanayomwachia mnywaji peke yake mzigo wote, kana kwamba kila mtu anafungua bomba moja.

Kwa miaka mingi hata serikali ilikuwa kwenye kona. Mwaka 1974 nchi iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, si kwa sababu mifupa ya kijijini ni migumu kuliko ya mjini, bali kwa kuwa kufuata kiwango cha dunia kungekuwa kufunga visima vya watu wasio na kingine. Baadaye kikawa 4, na leo ni 1.5. Karatasi imefika, baadhi ya visima bado viko njiani.

Meno ndiyo yanayotangulia kusema. Yupo binti kwenye duka la vifaa vya shule ninaponunua kalamu, mcheshi kupita kiasi, na kila akicheka kiganja kinapanda mdomoni kabla kicheko hakijatoka. Nyuma ya kiganja ni meno imara kabisa, yaliyojaa mistari ya kahawia. Wengi hapa wamejifunza ishara hiyo tangu shule ya msingi. Ukisafiri Dar es Salaam unaulizwa, kwa utani usiochekesha, kama wewe ni wa Arusha. Wengine wanahukumiwa kuwa wachafu, au wavuta sigara, na kuna waliokata tamaa wakasugua kwa majivu na limau. Doa hilo halitoki kwa mswaki, kwa sababu halikupakwa juu. Liliingia wakati jino lenyewe linaumbwa ndani ya fizi, tangu mtoto anazaliwa mpaka anapofika kama miaka minane. Asiye na habari hiyo anamwona mwenzake hajui usafi, kumbe mama yake alimpa maji safi kwa kadiri alivyoyaona.

Mifupa inachelewa kusema. Inaanza na ugumu wa viungo asubuhi, halafu mgongo, na kwa watoto waliokunywa maji makali sana miguu inapinda. Mzee mmoja wa Kimeru nilimwamkia akiwa anashuka kwenye Noah kwa taabu, nikamwuliza magoti yanaendeleaje. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya maji yamenikuza, sasa yananidai."

Wapo wanaosema watu wa maeneo hayo wahame. Maneno rahisi. Mwaka 1951 Waingereza waliwafukuza Wameru kutoka Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu waliopeleka kesi ya ardhi yao mbali hivyo hawataiacha kwa sababu ya kisima. Maji ndiyo yawafuate.

Na yanaweza kuwafuata. Mradi mkubwa wa maji wa jiji, wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikwenda kuchimba visima mpaka upande wa Hai, mkoani Kilimanjaro, ili kuchota maji yenye floraidi ndogo. Pale Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la mchanga lililochanganywa na chembe ndogo mno zinazopangwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Mwaka 2015 likampatia Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimehangaika kwa miaka na njia ninayoipenda kuliko zote: mifupa ya ng'ombe. Inakusanywa, inachomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo mpaka inakuwa mkaa mweusi, inasagwa, inapepetwa kupata chenga za kama mchanga, inaoshwa, inajazwa kwenye ndoo yenye koki. Floraidi inapenda mfupa, hilo ndilo kosa lake lote. Ikipita kwenye ndoo inaukamata mfupa wa ng'ombe aliyekwisha kuliwa badala ya kwenda kwenye mguu wa mtoto. Shida ni kwamba mkaa huo hushiba. Usipopima na kuubadilisha, baada ya muda ndoo inabaki pambo la jikoni.

Kuchemsha hakusaidii. Hili lisemwe kila kliniki ya mama na mtoto, kwa sauti, maana mama mwangalifu ndiye anayechemsha muda mrefu zaidi. Moto unaua vijidudu na ni lazima kwa maji ya mto, lakini floraidi haipandi na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, inazidi kukolea. Magadi tunayoweka kwenye kande ili mahindi na maharage yalainike haraka nayo yana floraidi yake, mengine nyingi sana, na watafiti waliyakuta yakiharibu meno hata pale ambapo maji hayakuwa mabaya. Mama anayeuza magadi kwa fungu sokoni Tengeru hana kosa lolote. Kuni ni ghali, na magadi yanaokoa saa nzima ya moto. Kulowesha maharage usiku kucha kunaokoa hiyo hiyo. Majani ya chai pia yana floraidi, kwa hiyo chai ya rangi, nzito, si kinywaji cha mtoto mdogo huku kwetu.

Mvua haina shida hiyo. Inatoka mbinguni kabla haijaonana na mwamba, na masika ya kwetu si haba. Bati, mfereji, simtanki lenye mfuniko, maji ya kwanza ya msimu yakaachwa yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, na kabla ya kunywa yakachemshwa. Hapo jiko linafanya kazi linayoiweza. Simtanki kubwa si la kila mfuko, najua. Kaya nyingi zina uwezo wa kujaza madumu matatu au manne tu, au kununua ndoo moja ya maji mazuri kwa mtu wa mkokoteni na kuichunga wiki nzima.

Kama ni ndoo moja, basi kwanza ni ya walio chini ya miaka minane. Si ya mgeni, si ya baba. Uji wa mtoto upikwe kwa maji hayo, maziwa ya unga yakorogwe kwa hayo, chupa ya kwenda nayo shule ijazwe hayo. Meno ya baba yalishaamuliwa zamani, naye atakunywa ya kisimani huku akidai kisima kipimwe. Ya mtoto bado yanaumbwa, hivi sasa, ndani ya fizi.