Aliyepunguzwa Tumbo, na Suala la Subira

Katika darsa yetu ya baina ya Maghribi na Isha, kijana mmoja aliuliza suala ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka, nami nalinyamaza kwa kuwa sikuwa na jawabu. Alisema: "Maalim, mtu akila kidogo kwa sababu tumbo lake limekatwa na daktari, je, huyo huhesabiwa kuwa ni mwenye kujizuia, au ni kama mfungwa asiyeiba kwa kuwa yumo gerezani?" Kila mtu alijua ni nani aliyekusudiwa. Mwenyewe alikuwa ameketi karibu na nguzo, akitazama mkeka.

Suala lile lilikosa adabu, lakini halikukosa maana. Nalirudi nalo nyumbani, na kwa siku nyingi likawa halinitoki. Leo nataka kuliandika mbele yenu, enyi wasomaji, kwa idhini ya sahibu yangu huyo, ambaye ameniruhusu kuyataja mambo yake maadamu sitaji jina lake.

Kwanza yatupasa tulijue jambo lenyewe, kwani katika mji wetu watu hulisimulia kwa kuvumisha. Wako wasemao kwamba matumbo yote hutolewa, na wako wasemao kwamba mtu huyo hawezi tena kula wali maisha yake yote. Haya si kweli. Wala upasuaji huu si uzushi wa juzi. Tangu mwaka 1954 madaktari wa Marekani walikuwa wakiwafupishia watu wanene njia ya matumbo yao, na katika mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, pamoja na mwenzake Chikashi Ito, walianza kuutenga upande wa juu wa mfuko wa chakula na kuuunganisha na utumbo. Ama ule ufanywao kwa wingi siku hizi, na ndio aliofanyiwa sahibu yangu, ni wa kuukata mfuko wa chakula kwa urefu wake, ikaondolewa kiasi cha robo tatu au zaidi, na kilichobaki kikawa chembamba mfano wa ndizi. Tena sehemu ile inayoondolewa ndiyo itoayo kwa wingi homoni inayoamsha njaa. Kwa hivyo katika miezi ya mwanzo mtu hapungukiwi na nafasi ya chakula tu, bali njaa yenyewe hulala. Jambo hili mlishike, tutalirudia.

Sahibu yangu alikuwa na uzito uliopita kilo 140. Alikuwa na maradhi ya sukari na presha, na magoti yake yalikuwa yamechoka hata akawa akisali juu ya kiti, naye hajafika miaka arubaini na mitano. Watu hudhani mtu kama huyo hakujaribu. Mimi ni shahidi kwamba alijaribu. Aliacha wali, akaacha mahamri, akawa akitembea kila alfajiri pwani ya Mama Ngina mpaka kanzu ikirowa jasho. Akipunguza kilo kumi, baada ya mwaka hurudi kumi na tano. Na madaktari wametueleza sababu yake: mwili uliokwisha kunenepa huupigania unene wake, ukipungua huongeza njaa na hupunguza matumizi ya nguvu zake, kama mtu mwenye duka aonaye mali inapungua akabana mkono. Basi aliuza kipande cha shamba, akenda akapasuliwa.

Yaliyofuata si mepesi kama wenye kutazama kwa mbali wanavyofikiri. Majuma ya mwanzo hakula ila vya maji maji, kisha vya kupondwa, na haukupata kurudi mlo wa kawaida ila baada ya mwezi na zaidi. Na huo mlo wa kawaida ni kiasi cha kikombe kidogo. Hana budi aanze na samaki au yai au kuku, kwani akianza na wali nafasi hujaa kabla mwili haujapata kinachoujenga. Hanywi maji pamoja na chakula, bali hungoja kiasi cha nusu saa. Hutafuna kama mtoto anayefunzwa. Na kila siku, mpaka atakapokufa, yampasa anywe vidonge vya vitamini na madini, kwa kuwa mfuko uliobaki hauwezi kumpatia vyote kutokana na chakula peke yake. (Hapa nasema kwa kupita tu: vidonge vingi vya namna hii hutiwa katika vifuko vya jelatini, na jelatini yaweza kuwa ya nguruwe. Viko vya samaki na viko visivyo na jelatini kabisa. Mtu aulize, wala asiviache vidonge kwa shaka, kwani upungufu wake huleta maradhi ya damu na ya mishipa ya fahamu.)

Katika mwezi wa nne nywele zake zikaanza kutoka. Alikuja kwangu usiku na kofia imeshuka mpaka masikioni, akidhani amepatwa na ugonjwa mwengine. Daktari alimwambia kwamba hivyo ndivyo iwavyo kwa wengi wanaopungua kwa haraka, na kwamba nywele humea tena. Zilimea. Ama ngozi haikurudi. Ilibaki imening'inia tumboni na mapajani, ikawa ikisuguana na kutoka vidonda wakati wa joto la kaskazi. Akaniuliza kama akikatwa ngozi ile atakuwa amebadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Nalimkumbusha khabari ya Arfaja bin As'ad, sahaba aliyekatwa pua katika vita, akatia pua ya fedha ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atie ya dhahabu. Kuondoa madhara si sawa na kutafuta urembo.

Sasa nina langu la kukiri. Katika walima ya mpwa wangu twaliketi watu watano juu ya sinia moja la biriani, naye akiwa mmoja wetu. Mwajua ada yetu: mtu mmoja akiinua mkono mapema, wenzake nao huona haya kuendelea. Kwa hivyo yeye alikuwa akiuacha mkono wake siniani, akichezea punje mbili tatu, ili wenziwe wapate kushiba. Mimi sikuielewa adabu ile. Nalimkatia pande la nyama nikamwekea mbele yake, nikasema kwa sauti ambayo watu wa masinia mengine waliisikia: "Kula, bwana, usituhini. Au chakula chetu hakikufikii?" Akala. Akala matonge matatu mfululizo akinitazama usoni. Kisha akainuka, akapita uani, na mke wangu akamkuta ameegemea ukuta akitapika, macho yamejaa machozi.

Nalimuomba msamaha siku ya pili, naye akasamehe. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: tunapomshikilia mgeni ale, ni nani tunayemkirimu? Mtume (s.a.w.) ametuusia thuluthi ya tumbo kwa chakula, na thuluthi kwa maji, na thuluthi kwa pumzi, nasi twaihutubia hadithi hiyo juu ya mimbari. Kisha tukishuka tukenda karamuni, mwenye kuifuata twamwambia ametuhini. Hata mama zetu, na Mwenyezi Mungu awarehemu, walitupenda kwa kijiko, na atakayekataa kijiko ni kama aliyekataa pendo. Hili ni zuri na lina hatari yake, na sijui namna ya kuutenga uzuri na hatari.

Ramadhani ya kwanza baada ya kupasuliwa ilikuwa nzito kwake kuliko upasuaji wenyewe. Mji ulikuwa ukifanya mzaha: "Huyu sasa hufunga mwaka mzima, Ramadhani itamfanya nini?" Kumbe kinyume chake ndicho kilichokuwa kweli. Tumbo dogo haliwezi kupokea gudulia la maji kwa mara moja. Mtu wa namna hiyo hunywa funda baada ya funda tangu asubuhi mpaka usiku, na akizuiwa mchana kutwa, saa za usiku hazimtoshi, akakauka mwili na figo zikadhurika. Daktari alimkataza kufunga mwaka ule. Aliponijia kuuliza, nalimsomea hukumu ya mgonjwa katika Sura al-Baqara, kwamba atalipa siku nyengine, nikadhani nimemfariji. Alilia. Alisema: "Miaka yote nilipokuwa nafuturu kama mlafi nalifunga. Sasa nimekuwa mtu wa kula kidogo, nami nala mchana kwa kujificha chumbani." Mwaka wa pili alijaribu kwa idhini ya daktari na kwa kuangaliwa, akaweza, na siku zile alizokula amekwisha kuzilipa.

Yako na mengine aliyonieleza ambayo sikuyatazamia. Alisema kwamba zamani alipokuwa akitoa rai katika kamati ya msikiti, watu walikuwa wakimsikiliza kwa tabasamu, kama asikilizwavyo mtu wa kuchekesha. Sasa rai ni zile zile, nao huziandika. Wafanya biashara wenziwe humshika mkono na kusema, "Mashallah, umekuwa mtu." Akaniuliza: "Basi jana nalikuwa nani?" Sikuweza kumjibu, kwani nalikumbuka kwamba mimi mwenyewe nalikuwa mmoja wa wale wenye tabasamu.

Narudi kwenye suala la yule kijana. Nalipolifikiri kwanza, nalimuona ana hoja. Wanavyuoni wetu wamekubaliana kwamba aliyelazimishwa hana sifa wala lawama kwa alilolazimishwa. Lakini mfungwa hutiwa gerezani na wengine, na sahibu yangu alikwenda kwa miguu yake, akatia sahihi, akalala juu ya kitanda akijua kwamba huenda asiamke. Huyo ni kama mtu ajuaye udhaifu wake juu ya mali, akampa mwenzake ufunguo wa sanduku amwekee. Ufunguo hauko mkononi mwake, lakini kuutoa ni kitendo chake.

Tena gereza lenyewe halina mlango. Ninyi mwadhani kwamba tumbo dogo hukataa kila kitu. Hukataa nyama kavu na mkate mkavu. Ama aiskrimu na soda na halua na chai ya maziwa yenye sukari nyingi hupita bila ya tabu, na mwenye kuzinywa na kuzila siku nzima hunenepa tena, tumbo lake likiwa limekatwa vile vile. Na baada ya mwaka mmoja au miwili ile njaa niliyosema hulala huanza kuamka, na mfuko nao hutanuka kidogo, na wako wengi wanaorudi kuongezeka. Sahibu yangu ameongezeka kilo sita tangu mwaka jana, nazo zamtisha kuliko zilivyomtisha mia na arubaini.

Aliniambia jambo moja ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha khabari hii. Katika ile miezi ambayo njaa ililala, ndipo alipojua ni kiasi gani cha kula kwake hakikuwa njaa. Usiku akishafunga duka na kurudi nyumbani, hujikuta amesimama mbele ya kabati la vyakula, hana njaa kabisa, na mkono umekwisha kufungua. "Daktari alilikata tumbo," alisema, "mkono hakuukata." Alikuwa akila uchovu wake, na madeni yake, na upweke wa tangu alipofiwa na mtoto. Mambo hayo yote yalibaki baada ya kisu, na sasa hayana pahali pa kuwekwa. Majuma mengine hukaa gizani barazani bila ya kusema na mtu. Daktari wake amempeleka kwa mwenzake anayetibu huzuni, naye hakuona haya kwenda, ingawa majirani waliona haya kwa niaba yake.

Sasa nisemeni juu yangu. Mimi ni mwembamba, kama alivyokuwa marehemu baba yangu. Sahani ya pili sikupata kuikataa, kwa sababu sikupata kuitaka. Kwa miaka ishirini nimesomesha kile kitabu cha Imamu Ghazali katika Ihya kinachohusu kuvunja matamanio mawili, la tumbo na la utupu, na nalipofika mlango wa tumbo nalikuwa nikinyanyua sauti kama mtu aliyeshinda vita. Vita vipi? Mwenyezi Mungu aliniumba na tumbo linaloshiba upesi. Alichopewa sahibu yangu kwa kisu akiwa mtu mzima, mimi nalipewa tumboni mwa mama yangu bila ya kulipa senti. Ikiwa yeye yumo gerezani basi mimi nalizaliwa gerezani, na hakuna hata siku moja mtu aliyesimama katika darsa akauliza kama kujizuia kwangu kwahesabiwa.

Juma lililofuata nalimjibu yule kijana mbele ya wote, nikamweleza haya kama nilivyoyaandika hapa, pamoja na khabari ya pande la nyama. Sahibu yangu hakuwako, alikuwa amekwenda kupimwa damu. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Basi, Maalim, wewe una subira katika jambo gani?" Nalimwomba anipe muda. Darsa ijayo ni Jumatano.