Kete 144 na Swali la Kudura

Mwaka 1986 kampuni ya Activision ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta ulioitwa Shanghai. Kete 144 za mahjong, mchezo wa Kichina wa watu wanne, hurundikwa tabaka juu ya tabaka, na mchezaji aliye peke yake huziondoa mbili mbili zenye picha zinazofanana. Kete huondoka tu ikiwa haikulaliwa na nyingine, na ubavu wake mmoja, wa kushoto au wa kulia, uko wazi.

Kanuni ni hizo tu, lakini zinaibua swali ambalo Waislamu na Wakristo wamelijadili kwa karne nyingi: ikiwa yote yamekwisha kupangwa, uamuzi wa mtu una kazi gani?

Kete zote hupangwa kabla mchezaji hajagusa hata moja, na zilizofunikwa hazioni. Hata hivyo picha nyingi zina kete nne nne. Zikiwa wazi tatu, lazima achague mbili zipi ziondoke. Akikosea, ile aliyoiacha inaweza kuwa ndiyo inayomfunika mwenzake. Watu wawili wakipewa rundo lile lile, mmoja anaweza kumaliza na mwingine akakwama; mpangilio peke yake hauamui mwisho. Boethius, mwanafalsafa wa Roma aliyeandika akiwa kifungoni katika karne ya 6, alitetea hoja ya namna hiyo: Mungu kuliona tendo hakumlazimishi mtu kulitenda.

Lakini yapo marundo yasiyofunguka kabisa. Kete nne za picha moja zikilaliana, hakuna werevu utakaozitoa. Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura, na ni dhuluma kumlaumu kila aliyekwama kana kwamba alicheza vibaya.

Aliyeubuni mchezo huu aliyajua yote mawili, uamuzi na kudura. Brodie Lockard alikuwa mcheza jimnastiki katika Chuo Kikuu cha Stanford; mwaka 1979 alianguka mazoezini akapooza kuanzia shingoni. Mwaka 1981 aliandika toleo la kwanza kwenye mfumo wa kompyuta wa PLATO, akitumia kijiti alichokishika mdomoni.

Kusema kwamba alishinda kudura si kweli, kwa maana mwili wake ulibaki umepooza. Kusema kwamba kudura ilifanya kila kitu kunamnyima haki yake: ajali hakuichagua, ila programu ile aliamua kuiandika, na angeweza kutoiandika.