Utamu Usio Sukari na Haki ya Mwenye Kula

Siku hizi vyauzwa vyakula na vinywaji vingi vilivyo vitamu mno, wala ndani yake hamna sukari hata chembe moja. Utamu wake watokana na vitu vilivyotengenezwa kwa elimu ya kemia. Suala tunalotaka kulitazama si ladha ya vitu hivyo, bali ni hili: Je, serikali ina haki gani ya kumzuia mtu kuviuza au kuvila? Wako wasemao, "Kila mtu na tumbo lake, asiyetaka asinunue." Na wako wasemao, "Kila chenye shaka na kipigwe marufuku, tupumzike." Sisi twaona kauli zote mbili zina upungufu, na sababu zetu ni hizi zifuatazo.

Kilichotangulia katika vitu hivyo ni sakarini. Iligunduliwa mwaka 1879 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Constantin Fahlberg, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Profesa Ira Remsen, alikaa kula bila ya kuosha mikono, akauona mkate wake mtamu ajabu. Alipotafuta sababu, aliikuta katika vidole vyake mwenyewe. Sakarini yashinda sukari kwa utamu zaidi ya mara 300, wala haiupi mwili chakula chochote. Wenye ugonjwa wa sukari waliipokea kwa furaha, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Ujerumani, mwaka 1902, ilitoa sheria iliyoifungia sakarini ndani ya maduka ya madawa. Mtu aweza kudhani kuwa hayo yalifanywa kwa kuchunga afya za watu. Walakini waliopiga kelele zaidi walikuwa ni wenye viwanda vya sukari ya bitiruti, na hazina ya serikali nayo ilikuwa ikipata kodi yake katika sukari hiyo. Masikini aliyeshindwa na bei ya sukari akanyimwa na badala yake, na magendo yakashamiri kutoka Uswisi. Funzo la kwanza basi ni hili: sheria ikija imevaa kanzu ya afya, tuulize kwanza yamlinda nani. Sheria ya chakula imlindayo mfanya biashara mmoja na mwenziwe haifai kuitwa sheria ya kumlinda mlaji.

Funzo la pili latoka Marekani, na ndilo kubwa zaidi. Baada ya sheria ya mwaka 1906 juu ya usafi wa vyakula na madawa, Dokta Harvey Wiley, mkuu wa idara ya kemia katika Wizara ya Kilimo, alisimama kuipinga sakarini. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba siku moja, mbele ya Rais Theodore Roosevelt, mtengenezaji mmoja wa vyakula vya makopo alijisifu kuwa kampuni yake yaokoa dola 4,000 kwa mwaka kwa kutia sakarini badala ya sukari katika mahindi. Wiley akadakia kwamba kila aliyeyala mahindi yale amedanganywa: alidhani ala sukari, kumbe ala kitu kisicho chakula, tena chenye kudhuru. Rais, ambaye daktari wake alimpa sakarini kila siku, alighadhibika, akasema kuwa mwenye kudai sakarini yadhuru ni mpumbavu.

Tazama, msomaji, namna maneno mawili yalivyofungwa pamoja: la kwanza kwamba mlaji amedanganywa, la pili kwamba mlaji amedhuriwa. Rais alilipiga lile la pili, na la kwanza likapita bila ya kujibiwa. Nasi twasema kuwa hata kama sakarini ingekuwa haina madhara kabisa, bado lile la kwanza lingesimama. Mtu alipa thamani ya sukari, apewa kitu kingine, na tofauti ya bei yaingia mfukoni mwa muuzaji. Hiyo ni ghishi, wala haiondoki kwa kuwa tumbo halikuuma. Anayechanganya maziwa na maji safi hakumdhuru mtu, lakini nani kati yetu atamwita mwaminifu? Ndiyo maana zamani, katika miji ya Waislamu, muhtasib alipita sokoni akiwachungulia hata wapishi wa halwa, wasije wakaichanganya na kitu cha bei rahisi.

Sasa tuje kwenye dhara. Mwaka 1958 Marekani iliweka sheria kwamba kitu chochote cha kutiwa katika chakula kikionekana kumletea saratani mtu au mnyama, hakiwezi kuhesabiwa kuwa ni salama. Kwa msingi huo siklameti ilipigwa marufuku kuanzia mwaka 1970. Mwaka 1977, baada ya uchunguzi uliofanywa Kanada ambao panya walipewa sakarini hadi asilimia 5 ya chakula chao na madume wakatokewa na vivimbe vya kibofu, ikatakiwa sakarini nayo izuiwe. Watu wakalalamika, khasa wenye ugonjwa wa sukari, na mwaka huo huo Bunge la nchi ile likaamua iendelee kuuzwa, ila iandikwe onyo juu yake. Baadaye wataalamu walitambua kwamba lile lililotokea katika kibofu cha panya latokana na hali ya mkojo wa panya, ambayo binadamu hanayo, na mwaka 2000 onyo likaondolewa. Ama siklameti, mpaka leo imekatazwa Marekani na imeruhusiwa katika nchi za Ulaya.

Kwa hivyo, wanaotaka kila chenye shaka kipigwe marufuku na wafikiri. Lau sakarini ingaliondoshwa mwaka 1977, mgonjwa angalinyimwa manufaa ya yakini kwa kuogopa dhara ambalo halikuthibiti kwake. Shaka ni sababu ya kuchunguza, kuweka kipimo na kuwaambia watu. Si kila mara sababu ya kuharamisha.

Walakini na wale wasemao "kila mtu na tumbo lake" wasifurahi upesi. Hiari ya asiyejua si hiari. Kuna kitu kiitwacho aspatamu, ambacho watu wachache waliozaliwa na maradhi ya fenilketonuria wapaswa kujiepusha nacho, kwani miili yao haiwezi kuivunja sehemu mojawapo ya kitu hicho. Kwa mtu huyo, maneno mawili juu ya kopo ni kinga ya ubongo wake. Ataitumiaje hiari yake ikiwa kopo limenyamaza, au lasema kwa lugha asiyoielewa?

Tena kuna mtoto. Mwaka 2023 halmashauri ya wataalamu wa vyakula iliyo chini ya Umoja wa Mataifa ilibakisha kipimo cha aspatamu kuwa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Walieleza kuwa mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya makopo 9 hadi 14 ya soda yenye kitu hicho ili akipite kipimo. Mtu mzima atacheka asikiapo hayo. Lakini mtoto wa kilo 14 ni sehemu moja katika tano ya mtu huyo, na kwake yeye hesabu yashuka hadi makopo mawili au matatu. Mtoto hapimi wala hasomi. Hujua utamu tu. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vitu hivi visitumiwe kwa kutafuta kupunguza uzito, ingawa shauri hilo halikuwahusu waliokwisha patwa na ugonjwa wa sukari. Basi neno "bila sukari" lisichukuliwe kuwa ni jina la dawa.

Kwa muhtasari, twaona haki ya serikali yasimama juu ya mambo matatu: kukataza dhara lililothibiti, kuweka kipimo penye shaka, kwa kumtazama mdogo kabla ya mkubwa, na kulazimisha kila kitiwacho kitajwe wazi, kwa lugha ya wanunuzi. Zaidi ya hapo, mtu aachiwe na akili yake.

Na sheria haifiki kila mahali. Muuza sharbati anayekoroga ndoo yake alfajiri, sukari imepanda bei, na kipakiti kidogo cha unga mtamu ki mkononi, hana mkaguzi juu ya kichwa chake. Akitia na akasema, ameuza. Akitia na akanyamaza, amechukua pesa ya mwenziwe bila ya ridhaa yake, hata ikiwa ni senti tano, na hata mnywaji akiondoka akisifu utamu.