Mpangaji Katika Nyumba ya Baba



Siku moja mume na mke walinijia kutaka shauri. (Wameniruhusu nisimulie, mradi nisiwataje.) Mama ndiye aliyeomba waje. Baba alikuja na bahasha. Hata kabla hajaketi vizuri alitoa risiti za karo za watoto watatu, risiti ya mabati ya nyumba, na kadi ya zaka isiyokuwa na mwezi hata mmoja uliorukwa. Akazipanga mezani, akaniuliza, "Padre, silewi, simpigi, silali nje. Misa sikosi. Kosa langu ni lipi?"

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Padre, hayo yote ni kweli. Lakini mimi naishi na mpangaji. Kodi analipa vizuri."

Nilimhurumia yule baba. Wako akina mama wengi ambao wangepiga vigelegele kwa kupata mume wa bahasha kama ile, na karo si jambo dogo. Lakini mke hakulalamikia karo. Alieleza kwamba mama yake mzazi alipofariki, mumewe alinunua jeneza, akakodi matatu ya kuwapeleka waombolezaji, akasimama kaburini hadi mwisho. Tangu siku hiyo hajawahi kumwuliza hata mara moja moyo wake unaendeleaje. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwisha.

Ile bahasha nimeifikiria sana, maana naiona kanisani pia. Wengi wetu tunamwendea Mungu nayo. Nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani, Jumatano ya Majivu sikula nyama, Jumuiya nahudhuria. Mambo yakiwa shwari, bahasha hukaa kabatini. Lakini mtoto akiugua, au kazi ikipotea, tunaitoa haraka na kuimwaga altareni: "Bwana, kosa langu ni lipi?" Hapo ndipo tunapogundua kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tukilipa kodi tu.

Soma tena Luka sura ya 15, na safari hii umwache yule mwana mpotevu. Mtazame kaka yake. Anatoka shambani, anasikia ngoma, anakataa kuingia. Anamwambia baba yake kwamba amemtumikia miaka yote bila kuvunja agizo, wala hakupewa hata mwana-mbuzi wa kufurahia na rafiki zake. Sikiliza vizuri: na rafiki zake! Kusherehekea pamoja na baba hakukumjia akilini. Hata mdogo wake hamwiti ndugu. Anamwita mwana wa baba. Huyu hakuondoka nyumbani hata siku moja, na bado alikuwa mbali. Naye baba anatoka nje kumbembeleza, yule yule aliyetoka mbio kumpokea mdogo. Yesu hakutuambia kama kaka aliingia.

Mtaniuliza, "Kwa hiyo, Padre, amri hazina maana?" Fungua Kutoka sura ya 20. Kabla ya kutoa amri hata moja, Mungu anawakumbusha Waisraeli kwamba ndiye aliyewatoa utumwani Misri. Kwanza aliwaokoa, ndipo akawaonyesha namna ya kuishi naye. Nanyi siku ya arusi hamkushikana mikono na orodha ya masharti. Kila mmoja alijitoa kwa mtu aliyesimama mbele yake, na uaminifu mnaodaiana leo unatoka hapo. Na anayesema anampenda Mungu moyoni, lakini Jumapili haonekani, anafanana na yule mume wa Nairobi anayempenda mkewe sana moyoni na kurudi nyumbani Krismasi tu. Mke wake muulizeni.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inaanza sehemu yake ya nne kwa kueleza kwamba sala ni uhusiano hai, wa mtu mwenyewe na Mungu wake. Basi jaribuni jambo moja usiku huu. Mkimaliza Rozari, zimeni televisheni, na kila mmoja amwambie Mungu neno moja la kweli kwa sauti, mwenzake akisikia. Kama una hasira naye, mwambie. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja, na Kanisa huisali kila Ijumaa katika sala ya kabla ya kulala. Mwanzoni mtaona haya. Akina baba hasa: tumezoea kusali kwa maneno tuliyokariri, kama vile tunavyozungumza na wake zetu kwa maneno ya karo na unga. Msisahihishane, na jambo lililosemwa katika sala lisigeuzwe kesho kuwa silaha ya ugomvi.

Yule baba nilimwomba arudishe karatasi zake ndani ya bahasha, kisha amwulize mkewe jambo lolote juu ya marehemu mama yake, lisilohusu gharama. Alikaa muda mrefu akiangalia sakafu. Nilidhani amekasirika. Mwishowe akasema, polepole, "Mama watoto, mama alikuwa akikuitaje ulipokuwa mdogo?"

Mama alianza kujibu, akashindwa, akalia. Baba hakujua aweke wapi mikono yake. Kisha akasogeza kiti. Nilitoka nje nikawaacha, na walipomaliza chai ilikuwa imepoa.

Bahasha waliisahau mezani. Ilimbidi baba airudie kesho yake, kwani shule ilitaka kuziona zile risiti.