Nafsi ya Kampuni na Thamani ya Jina

Kampuni, kwa mujibu wa sheria za mataifa karibu yote, ni nafsi: humiliki mali, hukopa na kukopesha, hushtaki na kushtakiwa, na waasisi wake wakishafariki yenyewe hubaki, lakini nafsi hiyo haina mwili wala moyo, na uhai wake wote umesimama juu ya imani ya watu kwamba ipo na kwamba ahadi zake ni za kweli. Wachache wamelichungua jambo hili kwa ushupavu kama kundi la wasanii lililoanzishwa mwaka 1994, ambalo makao yake yalikuwa Zurich, nchini Uswisi, likajiita etoy.

Vijana hao waliifanya kampuni yenyewe kuwa ndiyo sanaa yao. Walinyoa vichwa, wakavaa makoti ya rangi ya machungwa ya namna moja, wakalitanguliza jina la kampuni mbele ya majina yao, kisha wakauza hisa. Cheti cha hisa kilisanifiwa kama picha, chenye kumbukumbu ya tukio fulani la historia yao, na mwenye kukinunua hakutazamia gawio la fedha, ila fungu lake katika kazi ya pamoja na katika sifa zake.

Mtihani ukawafika mwaka 1999. Huko California palikuwa na kampuni iliyouza vitu vya watoto vya kuchezea kwa njia ya intaneti, ikiitwa eToys, jina lililozidi lile la wasanii kwa herufi moja tu, ingawa wasanii walisajili anwani yao mwaka 1995, kabla kampuni hiyo haijawa na tovuti. Wafanyabiashara wakalalamika kwamba wateja walioisahau herufi ile walipotelea kwa wasanii. Wakafungua mashtaka, na pamoja na mashtaka wakaahidi fedha na hisa zenye thamani ya zaidi ya dola 500,000 ili wauziwe jina. Wasanii wakakataa. Mwezi wa Novemba mahakama ya Los Angeles ikawakataza kuitumia anwani yao. Ndipo wafuasi wa nchi nyingi walipojitokeza kuwapigania katika mtandao, wakilipwa ujira wa hisa za etoy. Januari 2000 eToys iliiacha kesi, na Machi 2001 ikaomba kufilisiwa.

Si insafu kudai kwamba wasanii ndio walioifilisi, maana biashara za intaneti nyingi ziliporomoka wakati huo. Lililo la kutafakari ni kwamba hisa za eToys zilikadiriwa kwa mabilioni ya dola ilhali kampuni haijapata faida, na kwa hiyo nazo, kama vile vyeti vya wasanii, zilitegemea imani tupu. Tofauti ilikuwa katika shabaha ya imani hiyo: walioiamini eToys wengi wao walingoja bei ipande, na bei iliposhuka hawakuwa na sababu ya kubaki, walioiamini etoy waliipenda kazi yenyewe, na kazi hiyo haikupungua kwa kushuka kwa bei yoyote.

Basi anayeanzisha shirika, liwe la sanaa au la biashara, na ajiulize kwanza watu wataliamini kwa ajili ya nini, kwani jina lililoaminiwa kwa ajili ya faida peke yake hufa siku faida inapokoma.