Theluji na Shahidi Wake



Kijana mmoja wa mafundisho ya kipaimara hapa Bunda aliniuliza, "Baba Mchungaji, je, ni haki kusadiki jambo ambalo mtu hakuliona kwa macho yake?" Sikumjibu upesi, kwa maana swali lake lina uzito. Baadaye nalikwenda Moshi, nikaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na huko jibu likanijia.

Mlima ule ulijengwa kwa moto, ukachongwa kwa barafu. Volkano tatu, Shira, Mawenzi na Kibo, zilimwaga mawe yaliyoyeyuka. Kisha barafu ikashuka polepole, ikasaga miamba, ikaacha marundo ya mawe mahali ambapo leo haipo tena. Kilele chake chafika mita 5,895.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu yake. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile, alikiita baridi tu. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Habari zilipofika Ulaya, Bwana Cooley wa London, mtu wa elimu nyingi, alizikataa kabisa. Akili hakupungukiwa, lakini yeye hakufika, wala hakumheshimu aliyefika.

Basi, je, tusadiki kila neno? Hasha! Hata mwuza dawa za uongo husema ameona. Yatupasa kumpima shahidi: Je, amefika? Atafuta faida gani? Tena ni mwaminifu katika mambo madogo?

Lakini swali lile lina upande wa pili. Tangu mwaka 1912 zaidi ya sehemu nane katika kumi za barafu ya Kilimanjaro zimekwisha. Huenda wajukuu wetu wataona mwamba mtupu, nasi ndio tutakaowaambia, "Hapa palikuwa na barafu." Je, watatusadiki? Mtu afichaye ugonjwa wa ng'ombe wake mnadani, nani atamsikiliza asimuliapo habari za mlima? Na atakapomshuhudia Kristo aliyefufuka, je, itakuwaje?

Kwa hiyo niliporudi nalimjibu kijana yule: "Ni haki kusadiki usiyoyaona, ikiwa shahidi ni mwaminifu. Nawe, mwanangu, ishike amri ya nane. Kwani kesho imani ya mwingine itaegemea neno lako."

Mungu atusaidie sote.