MIFUPA, MISHIPA NA PUMZI

Neno la mwezi
Somo: Ezekieli 37:1-10



Mwezi huu neno langu ni kwa wazazi wenye kijana anayetaka kusomea uuguzi, ukunga au utabibu, na kwa vijana wenyewe. Katika vyuo hivyo somo la mwanzo, lile linalowachuja wengi, ni anatomia na fiziolojia. Anatomia ni jinsi mwili ulivyojengwa. Fiziolojia ni jinsi unavyofanya kazi. Manung'uniko yetu tunayajua. Mmoja anasema, "Mtoto wangu akashike maiti?" Mwingine anasema, "Miaka yote hiyo ya kukariri majina ya mifupa, na sisi ni wakimbizi, nani atamwajiri?" Na wapo wanaouliza neno zito zaidi: "Akishasoma, siku tukirudi, atamtibu hata yule aliyetufukuza?"

Ndugu zangu, maswali haya ni ya kweli. Tusiyafunike. Tuyapeleke kwenye Neno.

1. NABII ALIYESOMESHWA UHAMISHONI

Ezekieli hakuwa kwao alipoona maono haya. Sura ya kwanza inatuambia alikuwa kati ya watu waliohamishwa, kando ya mto Kebari, katika nchi ya Wakaldayo. Alikuwa kuhani asiye na hekalu. Tena kumbukeni Walawi sura ya 21: kuhani alikatazwa kujitia unajisi kwa ajili ya maiti, isipokuwa ya jamaa yake wa karibu. Basi mtu huyo ndiye Mungu aliyempeleka katika bonde lililojaa mifupa ya watu asiowajua, akamtembeza pande zote mpaka akaiona jinsi ilivyokuwa mingi na mikavu.

Kwa hiyo mzazi anayeogopa maiti ya darasani na aanzie hapo. Mungu mwenyewe alimwongoza mtumishi wake kati ya mifupa, kwa sababu palikuwa na jambo la kujifunza ambalo halikuweza kujifunzwa kwa mbali. Maiti anayewafundisha wanafunzi alikuwa baba au mama wa mtu. Astahili heshima. Yusufu wa Arimathaya na Nikodemo waliushika mwili wa Bwana wetu kwa mikono yao wenyewe, wakautunza, na Injili ya Yohana sura ya 19 inawakumbuka kwa heshima.

Sasa angalieni utaratibu wa maono. Kwanza mifupa inasogeleana, kila mmoja na mwenzake. Kisha inakuja mishipa, kisha nyama, kisha ngozi juu ya vyote. Mwanafunzi wa chuo anapita karibu njia hiyo hiyo. Huanza na mifupa, ambayo kwa mtu mzima ni 206, na kati ya hiyo kila mkono una 27 kuanzia kiganjani hadi vidoleni. Halafu viungo na kano, halafu misuli. Lakini someni aya ya 8 kwa makini. Miili ilikamilika, lakini hapakuwa na pumzi ndani yake. Hiyo ni anatomia bila fiziolojia. Kila kitu kipo mahali pake na hakuna kinachofanya kazi. Uhai ulikuja kwa neno la pili.

2. NENO "MSHIPA"

Biblia yetu ya Kiswahili inasema "mishipa" katika somo hili, na nyumbani tunalitumia neno hilo kwa mambo mengi. Damu inapita katika mshipa. Mtu akisikia ganzi anasema ni mshipa. Mguu ukiteguka, mshipa. Hata ngiri tunaiita mshipa. Kwa mazungumzo inatosha, lakini kwa matibabu haitoshi. Mwanafunzi lazima atenganishe: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha, neva hupeleka habari za maumivu na mwendo, kano hufunga misuli kwenye mfupa. Atakayedunga sindano ya paja au ya tako bila kujua neva kubwa inapita wapi anaweza kumfanya mtoto kilema. Ndiyo maana wanakariri, wazazi. Lile jina gumu mnalosikia mtoto akilirudia usiku kwa mwanga wa tochi ni mguu wa mtoto wa jirani.

Wenzetu waliotoka pwani ya Kismayo na visiwa vya Wabajuni, Koyama, Chovai, Chula na vinginevyo, wanaweza kulielewa jambo hili kuliko sisi wa bara. Zamani Wabajuni na jirani zao wa Lamu waliunda mtepe, chombo kisicho na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tundu kwa tundu. Fundi alijua kila kamba inapita wapi na kwa nini, kwa sababu baharini hakuna mahali pa kubahatisha. Mungu naye ameishona mifupa yetu kwa kano, ili igeuke na kupinda bila kuachana. Anayeijua kazi ya fundi humheshimu fundi.

3. PUMZI, CHUMVI NA MAJI

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na vita vikaenea pwani, Wabajuni wengi waliingia vyomboni wakakimbilia Kenya. Aliyewahi kusafiri hivyo anajua mateso ya kuwa na maji pande zote na kiu kooni. Fiziolojia inaeleza sababu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi karibu gramu 35. Figo la binadamu haliwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho. Anayeyanywa hulazimika kutoa maji ya mwili wake mwenyewe ili kuondoa ile chumvi, na hukauka upesi kuliko asiyekunywa. Figo hizo hizo, kwa mtu mzima mwenye afya, huchuja karibu lita 180 kwa siku na kurudisha mwilini karibu yote, zikitoa kama lita moja na nusu tu. Mtunzi wa Zaburi ya 139, katika aya ya 13, anataja kiungo cha ndani ambacho Mungu alikiumba. Biblia yetu imesema "mtima", lakini neno la Kiebrania pale ni figo. Mwimbaji yule alimshukuru Mungu kwa figo zake!

Sasa sikieni ushuhuda wa wakimbizi wenzetu. Mwaka 1971 watu kwa mamilioni walikimbia vita katika Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, wakaingia India. Kipindupindu kikaingia kambini. Huko Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa maji ya dripu, na wagonjwa walikuwa wamelala sakafuni. Lakini wataalamu wa fiziolojia walikuwa wamekwisha kugundua jambo dogo katika utumbo mwembamba: sukari ikipita ukutani huivuta chumvi, na maji huifuata, hata wakati mgonjwa anaharisha. Mahalanabis akachanganya chumvi na sukari katika maji safi, akawapa akina mama na jamaa wawanyweshe wagonjwa wao. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4.

Ule ulikuwa utani wa walimwengu, kwamba mkimbizi huokolewa na ndege za misaada. Kule waliokolewa na somo la utumbo, kikombe na kijiko. Na mama mkimbizi ndiye aliyeshika kijiko. Kipindupindu kilipoingia Dadaab mwishoni mwa 2015, maji hayo hayo yaliokoa watu. Kila nyumba ikumbuke: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo huku mkimpeleka zahanati.

4. DAMU HAINA UKOO

Nimelitaja lile swali zito: atamtibu yule aliyetufukuza? Tunajua Wabajuni walivyodharauliwa na kuporwa kwa sababu hawakuwa na ukoo wenye bunduki. Kila taifa lililomo humu kambini lina hadithi yake kama hiyo.

Mtume Paulo aliwaambia watu wa Athene, katika Matendo 17:26, kwamba mataifa yote yametoka kwa asili moja. Darasani mwanafunzi anayaona maneno hayo kwa macho. Kundi la damu hurithiwa kwa baba na mama, wala halifuati jina la kabila. Watoto wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na makundi tofauti, mmoja asiweze kumpa mwenzake damu, na mtu wa ukoo mwingine kabisa akafaa. Mungu angeweza kuumba damu ya Wabajuni, ya Wasomali, ya Wabembe na ya Wadinka. Hakufanya hivyo. Mwenye chuki moyoni anaweza siku moja kuishi kwa damu ya mtu anayemchukia.

Na wapo waliolipa gharama ya kuishi hivyo. Tarehe 28 Januari 2008, mjini Kismayo, bomu la kando ya barabara lilipiga gari la MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa na kazi ya upasuaji katika mji ule. Alikufa daktari Victor Okumu, Mkenya. Alikufa Damien Lehalle, Mfaransa. Alikufa Mohamed Abdi Ali, Msomali, dereva wao. Tarehe 3 Desemba 2009 mjini Mogadishu, katika Hoteli Shamo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Benadir, chuo kilichoanzishwa 2002 katikati ya vita, walikuwa wanapokea shahada, wa udaktari wakiwamo. Mtu akajilipua kati yao. Waliuawa zaidi ya 20, pamoja na Waziri wa Afya, Qamar Aden Ali.

Siwaelezi haya kuwatisha. Nawaeleza ili mjue kwamba elimu hii si mchezo wa watoto wa matajiri. Aliyetaka watu wabaki mifupa mikavu alijua wapi pa kupiga: alimpiga anayejua kufunga mshipa unaovuja damu, na akawapiga wanaojifunza. Je, sisi tumsaidie kwa kuwazuia watoto wetu wasisome?

5. WAZAZI, TUFANYE NINI?

Kwanza, tusimtoe binti shuleni kwa sababu somo ni la maiti, au kwa sababu kibanda cha biashara kinahitaji mtu. Mama anayejifungua humpenda mkunga wa lugha yake. Na mgonjwa wa kisiwani ni lazima avuke maji kabla hajafika hospitali ya mjini Kismayo. Bahari ya kusi ikichafuka, aliyesoma akiwa hapo hapo kisiwani ni baraka kuliko hospitali kubwa ng'ambo.

Pili, baiolojia na kemia ndizo mlango. Kijana azishike tangu mwanzo wa sekondari. Vyeti vitunzwe, na nakala ziwekwe kwa mtu mwaminifu, kwa maana karatasi huungua na hulowa. Ulizeni masharti mapema. Chuo cha KMTC, ambacho historia yake inaanzia 1927, kina matawi Garissa na Lodwar, kwenye njia ziendazo Dadaab na Kakuma. Ufadhili wa DAFI kupitia UNHCR umesomesha wakimbizi vyuoni tangu 1992. Nafasi ni chache kuliko waombaji, lakini asiyeomba hapati.

Tatu, vijana, jina mlilosoma kwa Kiingereza lifasirini. Bibi anayesema "roho inanienda mbio" anahitaji mtu anayejua kama anasema habari za moyo, za pumzi au za hofu. Elimu isiyoweza kusemwa kwa lugha ya mgonjwa ni ile miili ya aya ya 8, imekamilika na haina pumzi.

Na kuhusu ajira, siahidi kitu. Ezekieli hakuambiwa siku ya kurudi nyumbani. Aliambiwa atabiri pale pale aliposimama. Shamba linachukuliwa, ng'ombe wanachukuliwa, jahazi linachukuliwa. Alichokijua mtu juu ya moyo, mapafu na figo, hakuna kizuizi cha barabarani kinachokivua.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kwa nini Mungu alimtembeza Ezekieli kati ya mifupa kabla ya kumwamuru atabiri?
2. Katika nyumba yetu, nani anaweza kueleza namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari? Kama hayupo, nani atafundisha wiki hii?
3. Ni mgonjwa gani ambaye ingekuwa vigumu kwangu kumhudumia, na kwa nini?

TUOMBE

Ee Bwana uliyeiunganisha mifupa yetu tumboni mwa mama zetu, wabariki vijana wetu wanaosoma kazi ya mikono yako. Wape akili za kukumbuka, mikono mipole na moyo usiobagua. Wakumbuke watu wa Kismayo na wa visiwani, walioko kwao na walioko mbali. Wafariji waliofiwa na waganga wao. Tia pumzi yako ndani yetu, tusimame tena. Kwa jina la Yesu. Amina.